Nilisema Ni Mushipa

Kwa majuma manne nilificha ugonjwa wangu nyuma ya neno moja. Neno hilo ni mushipa, na kila anayesema Kiswahili cha Goma analijua, kwa kuwa linatosha kubeba karibu kila kitu: mgongo uliochoka, mguu unaokufa ganzi, ngiri ya wazee, hata ule udhaifu wa mwanamume usiotajwa watu wakiwa mezani. Mtu akisema "niko na mushipa," wanaomsikia hutikisa kichwa kwa huruma na hawaulizi zaidi. Ndiyo sababu nililichagua. Korodani yangu ya kushoto ilikuwa imevimba mpaka ikawa kama yai la bata, mkojo ulitoka kwa matone, nami nilipita mjini nikiwaambia watu kwamba ni mushipa.

Leo ninakojoa bila kufikiri, na yeyote ambaye hajawahi kunyimwa jambo hilo hataelewa ni neema kubwa kiasi gani. Homa imekwisha na uvimbe umeshuka. Ninaandika kwa sababu ninaamini kuna kijana mwingine ambaye asubuhi hii ameketi upande mmoja wa kiti, amefunga koti kiunoni ingawa kuna joto, na anatafuta neno la kuwaambia watu wa nyumbani. Sitamfundisha uganga, kwani siujui. Nitamweleza nilisema uongo gani, kwa nani, na ni nani aliyeulipia kwa mwili wake.

Jina langu ni Muhindo. Nilimaliza chuo hapa Goma, nikapata kazi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari mtaani Murara, na kila Jumamosi niliongoza kikundi cha vijana wa parokia waliokuwa wakijiandaa kwa ndoa. Niliipenda kazi hiyo kuliko ile iliyonilisha. Niliamini, na bado ninaamini, kwamba nchi yetu haitapona kama vijana wake hawatajifunza kuheshimiana kuanzia chumbani. Niliwafundisha usafi wa moyo, niliwafundisha pia usafi wa mwili, na nakumbuka vizuri jinsi nilivyosimama mbele yao na chaki mkononi nikawaambia wasimwonee haya muganga wa hospitali. Waliandika maneno hayo katika madaftari yao. Baadhi yao bado wanayo.

Mchumba wangu ni Kavira, ambaye huuza vitenge pamoja na shangazi yake kule Birere. Familia zetu zote mbili zilitoka Butembo. Mwezi wa nane wazee walikutana, mbuzi wakapokelewa, vinywaji vikanywewa, na hapo, kwa macho ya watu wetu, Kavira akawa tayari nusu mke wangu. Ilibaki baraka ya kanisa, tuliyoipangia baada ya Pasaka.

Lakini mwezi mmoja kabla ya wazee kukutana, wakati wa kiangazi, nilikuwa nimekwenda Kalengera, nje ya mji, kwa mafunzo ya walimu ya siku tatu. Huko nililala na mwalimu mwenzangu wa shule nyingine. Ilikuwa mara moja, na hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Jina lake nitalitunza. Niliporudi Goma nilitubu kwa machozi, na nikajiwekea adhabu ya kutozungumza naye tena maishani. Alipiga simu mara tatu katika majuma yaliyofuata, na mara tatu niliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Kisha nikaifungia namba yake. Nilijiona nimeshinda jaribu.

Baada ya wazee kukutana, Kavira nami tulilala pamoja. Nilikuwa ninafundisha wengine wangoje, nasi hatukungoja. Hatukulizungumzia jambo hilo, ila Jumamosi iliyofuata, kikundini, aliketi mstari wa nyuma na hakuniangalia.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, nilisikia moto nikikojoa. Niliingia katika duka la dawa huko Birere, mbali na kibanda cha Kavira, nikaomba kapsuli kwa ajili ya ndugu yangu. Nilizimeza kwa siku nne. Moto ulipopoa nikazitupa zilizobaki chooni, kana kwamba nilikuwa nikitupa ushahidi.

Katikati ya mwezi wa kumi uvimbe ukaja.

Ulianza kama uzito tu, kama mtu amenitundikia jiwe dogo. Baada ya siku tatu nilikuwa siwezi kupanda pikipiki bila kuuma meno, na atakayebisha na azijaribu barabara zetu za mawe meusi ya volkano akiwa katika hali ile. Nilirudi katika duka lile la dawa.

"Mwalimu, ndugu yako alipona?" aliniuliza mwenye duka.

"Alipona. Sasa ni mimi. Niko na mushipa."

"Mushipa ya wapi?"

"Ya huku chini."

"Chini ya mugongo?"

"Karibu na hapo."

Alinipa marhamu ya kuchua, ile yenye harufu kali inayopasha mwili joto. Nilikwenda nayo nyumbani na, kwa kuwa nilikuwa nimeshalisema neno, nikaona sina budi kulifuata mpaka mwisho. Niliipaka pale penyewe. Mtu asiniombe nieleze zaidi. Niseme tu kwamba nilikaa saa nzima ndani ya beseni la maji baridi huku Mama akigonga mlango.

"Muhindo, unafanya nini mule ndani?"

"Ninaoga, Mama."

"Unaoga ao unabatizwa?"

Ilinibidi nimweleze kitu, nikamwambia ni mushipa. Mama alisikia alichotaka kusikia: pikipiki zimeniharibu mgongo. Alinishonea mto wa kukalia. Jioni ileile Papa naye akaambiwa, na yeye alisikia kitu kingine. Papa ni mfanyabiashara aliyezeeka njiani kati ya Butembo na Goma, mtu wa maneno machache. Aliketi karibu nami, akapunguza sauti ya redio.

"Usiogope," alisema. "Hata babu yako alikuwa nayo. Aliishi nayo, akalima, akatuzaa sisi wote."

Alimaanisha ngiri. Sikumsahihisha. Kwetu mwana hamwelezi baba yake habari za uchi wake, na nilijifunika kwa desturi hiyo kama kwa blanketi, ingawa nilijua kabisa kwamba desturi haikuwekwa ili kufunika uongo.

Kavira peke yake ndiye aliyesikia sauti yangu ikitetereka. Naye wakati huo alikuwa ameanza kulalamika tumbo, upande wa chini, hasa akisimama muda mrefu kibandani. Kituo cha afya cha mtaa wao kilimpa dawa ya minyoo.

"Pengine na wewe ni mushipa," nilimwambia.

Alicheka. "Basi tufungue chama ya watu wa mushipa. Wewe uwe présida."

Nilicheka pamoja naye. Kicheko hicho ndicho ninachokionea haya kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilikuwa mtu aliyesoma. Nilijua, au ningeweza kujua kama ningekaa dakika tano na kufikiri kwa uaminifu, kwa nini sisi wawili tuliumwa katika msimu mmoja. Sikukaa hizo dakika tano.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja Papa alinipeleka kwa mzee mmoja anayekanda watu hapo Murara. Nilijilaza mkekani, Papa akabaki nje uani akizungumza na wake wa mzee. Mzee alininyoosha miguu, akabonyeza tumbo, kisha akaniomba nifungue suruali. Alipoona alichoona, alirudisha mikono yake nyuma na kuifuta kwa kitambaa, ingawa hakuwa amenigusa.

"Mutoto, nani alikuambia hii ni mushipa?"

"Ni mimi mwenyewe, muzee."

"Hii iko na moto. Mimi sishikake kitu yenye moto. Enda lopitali, leo."

Nilivaa, nikatoka. Papa akasimama. "Amesemaje?"

"Amesema itapona polepole, Papa."

Papa alivua kofia yake akamshukuru Mungu hapo hapo uani, kwa sauti, mbele ya watu. Nilisimama kando yake, nikasema amina.

Jumatatu iliyofuata niliamka na haja ya kukojoa, nikashindwa. Nilisimama juu ya shimo la choo muda mrefu, bure. Nilikwenda shuleni hivyohivyo, nikaandika tarehe ubaoni, na kufikia saa nne tumbo lilikuwa gumu kama ngoma na jasho lilinitoka kwenye paji la uso. Mkurugenzi wa shule alimpigia Papa simu. Tulikwenda hospitali sote wawili juu ya pikipiki moja, dereva mbele, mimi katikati, Papa nyuma amenishika mabega, na kila jiwe la barabara lilinipata.

Ndipo neno langu liliponilipa. Dirishani, mama aliyeandika wagonjwa aliniuliza naumwa nini, huku watu ishirini wamenizunguka na Papa ameegemea bega langu.

"Mushipa," nilisema.

Akaandika, akanielekeza kwa mkono bila kuinua macho. Nilifuata mkono huo mpaka ukumbi wa mwisho, na huko nilikalia benchi la watu wa migongo na magoti. Upande wangu wa kulia alikuwa mama mwenye fimbo, na upande wa kushoto mzee mchangamfu ambaye bega lake lilikuwa limefungwa.

"Kijana kama wewe, mushipa?" aliniuliza mzee huyo. "Ulisukuma nini, chukudu ya mizigo?"

"Hapana, muzee."

"Basi umeoa juzi."

Benchi zima likacheka, hata Papa alitabasamu. Nilikaa pale kwa muda wa karibu saa mbili. Nilikuwa nimebana magoti na kuhesabu vigae vya sakafu, na kila muuguzi aliyepita nilimwomba Mungu amfanye aniulize, kisha nilimshukuru Mungu alipopita bila kuuliza. Mwishowe nilitapika juu ya viatu vyangu. Mama mwenye fimbo ndiye aliyepiga kelele: "Huyu si wa kwetu! Mumuondoe, huyu anakufa!"

Muuguzi aliyekuja mbio alikuwa mtu wa makamo waliyemwita kwa heshima Papa Anselme. Alinilaza, akagusa tumbo mara moja, na akashusha suruali yangu bila kuomba ruhusa. Kisha akaleta sonde, yaani mpira mwembamba wa kupitisha mkojo. Sitasema kwamba haukuuma. Lakini mkojo ulipoanza kutiririka ndani ya mfuko, mweusi kama chai, nililia kwa raha mbele ya watu nisiowajua, nikamshika Papa Anselme mkono na kumwita baba.

Daktari alikuwa dada wa umri wangu. Papa alikuwa amesimama kichwani pa kitanda, na hakuna aliyemwambia atoke. Daktari aliuliza maswali yake kwa upole, moja baada ya jingine, na kila swali lilikuwa mlango ambao ningeweza kutokea.

"Ulianguka? Ao ulipigwa hapo?"

"Hapana."

"Mashavu yalivimba siku zilizopita, kama ile ugonjwa ya watoto?"

"Hapana."

"Nyumbani kuko mutu mwenye kukohoa sana, mwenye kutibiwa kifua kikuu?"

Nitaungama jambo hapa. Nilitamani iwe kifua kikuu. Nilifikiri jinsi ambavyo ningeweza kukitangaza parokiani, wakaniombea, wakaniletea maziwa. Nilijaribu hata kumkumbuka jirani anayekohoa.

"Umeshalala na mwanamuke?"

Kabla sijafungua kinywa, Papa alijibu kwa ajili yangu. "Huyu, dokteri? Huyu njo anafundishaka wenzake parokiani. Anangoja ndoa."

Daktari aliniangalia mimi, si Papa.

"Hapana," nilisema.

Aliandika jibu langu, kisha akaandika dawa kufuatana na jibu hilo. Alisema sababu ni nyingi, kwamba wataanza na ile inayoonekana, na kwamba kama nisingepata nafuu wangetafuta zaidi. Papa alinipapasa kichwa kama mtoto na akaenda kumtuliza Mama.

Alasiri Papa Anselme alikuja kumwaga mfuko. Aliumwaga, akaurudisha, kisha badala ya kuondoka alivuta ndoo akaigeuza, akaketi juu yake.

"Mwalimu," alisema, "dokteri alikuuliza mbele ya baba yako. Hiyo ilikuwa kosa yetu. Sasa mimi nakuuliza pekee yangu, na ukisema uongo, mimi sipoteze kitu. Ni wewe na ile yai yako."

Nilimweleza yote: Kalengera, simu, Kavira, kapsuli nilizozitupa. Nilitarajia hotuba, kwa sababu mimi ningempa hotuba. Aliitikia tu kwa kichwa.

"Sawa. Sasa dawa itajua kwenye inaenda. Wanawake ni wawili?"

"Wawili."

"Basi wajue leo. Wanaume, hii inavimba, mutu anaiona. Kwa mwanamuke inakulaka ndani pole pole, bila kelele. Leo, mwalimu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Papa."

Jioni walibadilisha dawa. Siku ya pili homa ilishuka, nikaifungua ile namba niliyokuwa nimeifunga na kumpigia mwalimu wa Kalengera. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuomba radhi. Hakuyangoja.

"Mimi nilitibiwa mwezi wa nane," alisema. "Nilikupigia mara tatu. Ulifikiri nilikuwa nataka nini, unioe?"

"Nilifikiri..."

"Nilikuwa nataka uende upimwe, basi. Lakini ulikuwa na haraka ya kuwa mutakatifu."

Alikata simu. Nilibaki nimeishikilia. Kile nilichokiita toba kilikuwa mlango niliomfungia mtu aliyekuja kuniokoa, na nyuma ya mlango huo nilikuwa nimemfungia Kavira pamoja nami.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo nilimwambia Kavira siku ileile. Alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda Birere na termosi ya uji wa soya. Alikuja Jumanne, nikamwambia uji ni mtamu. Alikuja Jumatano akiwa amejifunga kitenge kwa kukaza tumboni, akaniuliza kama bado naumwa, nikamwambia nina nafuu. Papa Anselme alipita, akanitazama, akaendelea. Alhamisi Kavira hakuketi. Alisema akiketi tumbo linavuta. Ijumaa nilikuwa nimekata shauri kabisa, nikaamka na sentensi ya kwanza mdomoni, lakini alikuja pamoja na Mama. Nilifurahi kumwona Mama. Ndivyo nilivyokuwa.

Jumamosi, saa ambayo kwa kawaida ningekuwa parokiani na chaki mkononi, nilimwona kupitia mlango akija ukumbini. Alisimama. Aliweka mkono ukutani, akainama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, na termosi ikaanguka, uji ukamwagika mpaka miguuni pa watu waliokuwa wakingoja. Nilishuka kitandani na mfuko wangu wa mkojo mkononi, nikamfikia. Alikuwa anasema "pole, pole" kwa wale waliochafuliwa viatu.

Tulitoka nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia mashuka, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Niliutua mfuko chini kati ya miguu yangu.

"Kavira, hii ugonjwa yangu haiko mushipa. Niliipata kwa mwanamke, Kalengera, kabla ya wazee kukutana. Na wewe niliku..." Sikuweza kulimaliza neno. "Tumbo yako ni mimi."

Nilingoja anipige, na ningeshukuru.

"Unajua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Jumamosi."

"Ndiyo."

"Ile uji ya Jumanne ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Na ya Jumatano."

"Nilikunywa, Kavira."

"Uliniangalia nimesimama pale, siwezi kukaa, na ukakunywa."

Habari ya Kalengera Kavira angeweza kunisamehe, aliniambia baadaye. Ni zile siku tano ambazo hajui aziweke wapi. Alijifunga kitenge chake upya, akarudi ndani akitembea polepole kando ya ukuta, na nikamsikia akisema kwa sauti kavu: "Papa Anselme, na mimi nipimwe. Ndiyo, leo hii."

Walimlaza wodi ya wanawake juma zima, na dripu mkononi. Eko, ile mashine ya kutazama ndani ya mwili, ilionyesha maji tumboni mahali pasipotakiwa kuwa na maji. Mimi nilikuwa upande huu wa ua, yeye upande ule, na kamba za mashuka kati yetu.

Papa nilimwambia mwenyewe, jioni ya Jumamosi ileile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule muzee wa kukanda alisema nini?"

"Alisema niende hospitali, siku ileile."

"Basi mimi nilivua kofia yangu juu ya uongo yako."

Hakurudi kwa siku mbili. Mama yeye alikuja kila siku, lakini alipitiliza mlango wa wodi yangu na kwenda moja kwa moja kwa Kavira, akamfulia, akamsuka nywele, akamlisha. Siku ya nne alisimama mlangoni pangu na ndoo ya nguo.

"Amekula leo," aliniambia. Kisha akaenda. Nilizihifadhi hizo sentensi fupi za Mama kama dawa, moja kwa siku.

Sonde ilitolewa siku ya kumi. Papa Anselme alinisimamisha mbele ya ndoo, akageuka ukutani ili asinitazame, akaanza kupiga mluzi. Ilichukua muda. Matone yalipogeuka mkondo, aliacha mluzi na kusema, "Haya, sauti ya mvua," na tulicheka wote wawili kama watu wazima wasivyopaswa kucheka kwa jambo kama hilo.

Krismasi ilipita nikiwa nyumbani. Kufikia mvua za mwezi wa tatu ile korodani iliyovimba ilikuwa imenywea mpaka ikawa ndogo kama harage. Daktari alisema iliyobaki inatosha, ila nisingengoja ningekuwa nazo zote mbili. Kikundi cha Jumamosi nilikiacha. Kwanza nilimweleza paroko, kisha niliomba nafasi ya mwisho mbele ya vijana, nikawaambia nilipata ugonjwa wa zinaa, nikauficha kwa neno la uongo, na mtu mwingine akaumia. Mmoja alicheka. Wengi walitazama viatu vyao. Msichana mmoja aliinua mkono na kuuliza wanapima siku gani, na nikamjibu siku na saa. Nadhani huo ndio ulikuwa ufundishaji wangu wa kwanza wa kweli.

Pasaka ilikuja ikapita bila baraka ya kanisa. Familia zilikutana tena, safari hii bila vinywaji, na wazee wa Kavira waliniuliza mbele ya wote kwa nini binti yao hataki kutaja tarehe. Nilijibu kwa kuutaja ugonjwa kwa jina lake, nikaeleza kwamba ni mimi niliyemletea. Nilikuwa nimeuogopa wakati huo kuliko ile sonde. Mjomba wake alitoka nje. Papa, aliyekuwa ameketi upande wetu, alikohoa akasema, "Mutoto wangu amesema yote. Mimi naomba musamaha pamoja naye." Mbuzi hawakurudishwa, tarehe nayo haikutajwa.

Wewe unayesoma, na ambaye labda unatafuta neno, ninakusihi kitu kimoja tu. Ukiulizwa mbele ya watu na ukashindwa, omba watu watoke. Ni sentensi fupi, na mgonjwa ana haki nayo. Kisha uwaambie wale uliolala nao siku hiyo hiyo, hata kama hawataki tena kuisikia sauti yako.

Mwezi wa sita, vumbi lilipoanza tena, Kavira alinipigia simu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Alisema ana eko ya mwisho siku ya Jumanne na kwamba hospitali inataka tuwepo wote wawili. Nilifika kabla ya lango kufunguliwa. Alikuja amevaa kitenge kipya, amenenepa kidogo, na aliketi benchi moja nami, akaweka mkoba wake kati yetu.

Daktari alimtazama kwa muda mrefu kwenye kioo cha mashine. Maji hayakuwepo tena.

"Lakini mirija yenyewe ya uzazi," alisema, "siwezi kuwaambia kitu leo. Mutajua siku mutatafuta mutoto."

Hakuna kati yetu aliyemwuliza daktari alikuwa akisema na nani aliposema mutajua.

Tulikwenda kwenye meza ya Papa Anselme kuandikiwa siku ya kurudi, baada ya miezi mitatu. Alivaa miwani, akafungua kadi ya Kavira, akafika kwenye mstari wa mtu anayemsindikiza mgonjwa.

"Huyu nimuandike nani?" aliuliza, akininyooshea kalamu. "Bwana?"

Kavira alinitazama. Nilitaka kusema kitu, kisha nikaona kwamba hilo halikuwa swali langu.

"Kwa sasa andika mugonjwa mwenzangu," alisema.

"Hapa kuko bwana, muzazi na ndugu. Mugonjwa mwenzako haiko."

"Basi ongeza, Papa."

Papa Anselme alichukua rula, akachora mstari mpya chini ya ile mitatu, akaandika polepole kwa herufi kubwa. Kisha akatupatia sote wawili tarehe moja.